Diski na Pedi za Breki za Baiskeli ya Milimani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na katika masafa hayo msafiri huteremka takriban mita 1,000. Mpanda baiskeli mwenye uzito wa kilo 70, akiwa juu ya baiskeli ya kilo 15, hupoteza njiani nishati inayokaribia kilojuli 830 mpaka afike chini. Nishati hiyo inatosha kuchemsha karibu lita mbili na nusu za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo anaokabiliana nao. Sehemu iliyobaki, ambayo ni kubwa zaidi pale penye kona kali za Soni pasiporuhusu mwendo wa kasi, hugeuka kuwa joto ndani ya breki: jozi mbili za pedi zisizozidi upana wa vidole viwili, na sahani mbili za chuma ambazo kwa kawaida unene wake haufiki milimita mbili.

Somo hili linahusu sahani hizo, ambazo mafundi huziita diski, pamoja na pedi zinazozibana. Limeandikwa kwa ajili ya mlaji ambaye tayari anayo baiskeli ya milimani yenye breki za diski, iwe mpya au ya mtumba, na sasa anafikiria kuziboresha kwa sababu hazimtoshelezi kwenye miteremko. Kuna jambo moja ambalo msomaji hana budi kulishika tangu mwanzo. Diski, pedi, fremu na foko ni vitu vinavyofanya kazi kwa pamoja, na kipuri kizuri kilichowekwa mahali kisipostahili kinaweza kuifanya breki iwe dhaifu kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuza vipuri si kama kipuri chake ni imara, bali ni kama kinaoana na vile vilivyomo kwenye baiskeli yako.

Diski kubwa inaongeza nini

Diski za baiskeli hutambuliwa kwa kipenyo chake. Vipimo vinavyopatikana kwa wingi ni milimita 160, 180 na 203. Zipo pia za 140, 200 na 220. Diski kubwa hubanwa na pedi mahali palipo mbali zaidi na kitovu cha gurudumu. Kanuni yake ni ileile inayomfanya fundi achukue spana yenye mpini mrefu anapokutana na nati iliyokwama. Ukitoka diski ya 160 kwenda ya 180, uwezo wa kulizuia gurudumu huongezeka kwa takriban asilimia 12 kwa nguvu ileile ya kidole. Ukienda hadi 203, ongezeko hufikia takriban asilimia 27. Faida ya pili haionekani dukani lakini huonekana mlimani: diski kubwa ina chuma kingi zaidi cha kupokea joto na eneo pana zaidi la kulitoa, hivyo huchelewa kufikia kiwango ambacho breki huanza kufifia.

Kile ambacho diski kubwa haiongezi ni mshiko wa tairi ardhini. Tairi iliyokwisha meno itateleza kwenye kokoto hata kama breki ni ya bei ya juu kuliko baiskeli yenyewe, na tena itateleza mapema zaidi, kwa kuwa gurudumu sasa linafungika kwa urahisi. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, na tairi zake zimekwisha, anunue tairi.

Kwa kuwa mpandaji anapofunga breki uzito wake huelekea mbele, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana baiskeli nyingi hutoka kiwandani zikiwa na diski ya 180 mbele na ya 160 nyuma. Ikiwa bajeti inaruhusu diski moja, basi iwe ya mbele. Hapa wenye baiskeli za mtumba wana tahadhari yao ya pekee. Baiskeli zilizotumika Uingereza na Japani kwa kawaida huwa na mkono wa breki ya mbele upande wa kulia, ilhali nyingi za Marekani na za nchi za Ulaya bara huwa nao upande wa kushoto. Aliyezoea mpangilio mmoja akapanda baiskeli ya mpangilio mwingine, yenye diski mpya ya 203 mbele, anaweza kurushwa juu ya usukani kwa kosa la mkono mmoja. Jua ni upi kabla ya kushuka.

Anza na ulichonacho

Si kila breki dhaifu inahitaji diski mpya. Mara nyingi udhaifu unatokana na pedi zilizokwisha, pedi zilizoingia mafuta, hewa ndani ya mpira wa mafuta ya breki, au waya uliolegea. Hayo yote hutengenezwa kwa gharama ndogo kuliko ya diski, na yasipotengenezwa diski mpya haitasaidia.

Pedi hukaguliwa kwa macho. Juu ya bamba la chuma kuna tabaka la kitu cha kusugua, na tabaka hilo ndilo linalolika. Shimano inaelekeza pedi zake zibadilishwe tabaka likibaki nusu milimita. SRAM inaelekeza zibadilishwe unene wa bamba na tabaka kwa pamoja ukiwa chini ya milimita 3. Diski nayo inalika, jambo ambalo waendeshaji wengi hawalijui. Diski nyingi za Shimano huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya, na hazifai tena zikifika 1.5. Kiwango hicho cha chini kwa kawaida kimechorwa kwenye diski yenyewe. Kipimio cha vanieri alichonacho fundi yeyote makini kinatosha kuupima, na mnunuzi wa baiskeli ya mtumba anayo haki ya kuomba kipimo hicho kichukuliwe mbele yake kabla ya kulipa.

Pedi iliyonyonya mafuta ni habari nyingine. Dawa za kupulizia mnyororo, mafuta ya kulainisha, hata mafuta ya vidole, hupenya ndani ya tabaka la pedi, na breki huanza kupiga kelele na kukosa nguvu. Baadhi ya mafundi huichoma pedi hiyo juu ya moto au huisugua kwa msasa, kisha humrudishia mteja. Ushauri wetu ni kutolipia kazi hiyo. Msasa huondoa uso wa juu tu, na mafuta yaliyo ndani hupanda tena breki ikipata joto. Diski ya chuma husafishika vizuri kwa kitambaa safi na spiriti ya isopropili. Pedi haisafishiki hivyo, na inapaswa kubadilishwa.

Kwa wenye breki za diski zinazovutwa kwa waya, aina iliyo kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu, tunashauri subira zaidi. Katika breki nyingi za aina hiyo pedi moja tu ndiyo husogea, nayo huisukuma diski ipinde kidogo mpaka iiguse pedi ya pili iliyosimama. Waya mpya, ganda jipya la waya na marekebisho sahihi ya pedi mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko diski ya kifahari.

Maandishi yaliyo kwenye diski

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote katika somo hili, na mwandishi wake ana sababu binafsi ya kusema hivyo.

Pedi zimegawanyika katika makundi mawili makuu. Pedi za resini hutengenezwa kwa nyuzi na unga mbalimbali uliogandishwa kwa gundi ngumu. Hushika vizuri tangu zikiwa baridi, hazipigi kelele nyingi, na haziiumizi diski. Kasoro yake ni kwamba huisha haraka kwenye matope na mvua, na zikipata joto kali kwa muda mrefu uso wake hung'aa kama kioo na kupoteza mshiko. Pedi za metali hutengenezwa kwa chembechembe za metali zilizoshikamanishwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Hudumu zaidi, huvumilia joto na maji, lakini zina kelele, na mara nyingi zinahitaji kupata moto kidogo kabla ya kushika sawasawa. Zipo pia za katikati, zenye resini iliyochanganywa na metali.

Kwa mwendeshaji wa mjini na wa njia za tambarare, pedi za resini zinatosha kabisa. Kwa anayeshuka Usambara au miteremko ya Kilimanjaro wakati wa masika, pedi za metali zina hoja yenye nguvu. Lakini si kila diski inazikubali. Diski nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa chuma laini kiasi, na mtengenezaji amechora juu yake, kwa herufi ndogo za Kiingereza, maneno RESIN PAD ONLY. Maana yake ni kwamba diski hiyo ni ya pedi za resini peke yake. Maneno hayo ni sharti la kiufundi, na muuzaji hana mamlaka ya kulilegeza.

Miaka michache iliyopita, kabla sijaingia katika kazi hii, nilikuwa na baiskeli yenye diski za namna hiyo. Nilikwenda kwenye duka la vipuri nikaeleza kwamba naitumia milimani na kwamba pedi zinaisha upesi. Muuzaji alinipa pedi za metali, akaniambia, "Kaka, hizi haziishi leo wala kesho." Alikuwa mkweli. Pedi hazikuisha, kilichokwisha ni diski. Katika msimu mmoja ilichimbika hadi ukingo wake ukawa na mdomo unaokwaruza kidole. Breki ya mafuta hujirekebisha yenyewe kadiri vitu vinavyolika, hivyo mkononi sikuhisi tofauti yoyote siku za kawaida. Niliihisi kwenye mteremko mrefu uliokuwa juu kidogo ya Soni, pale mkono wa breki ya mbele ulipozama hadi ukagusa usukani. Nilisimama kwa kuiingiza baiskeli kwenye ukingo wa udongo upande wa mlimani. Upande wa pili wa barabara hiyo, kama wanavyojua waliopita, hakuna ukingo wa kuingia. Nilipoipima diski baadaye ilikuwa na milimita 1.3.

Maandishi hayo yalikuwepo muda wote. Yalikuwa upande wa ndani wa diski, chini ya vumbi, na wala mimi wala muuzaji hatukuyasoma.

Kwa hiyo, kabla ya kununua pedi, futa diski na usome kila kilichochorwa pande zote mbili. Ukikuta sharti la pedi za resini, una njia mbili tu zilizo halali: kubaki na resini, au kubadilisha diski na pedi kwa pamoja. Angalia pia umbo la pedi. Kila kalipa, yaani kile kibano kinachozishika pedi, ina pedi za umbo lake, na tofauti ya milimita moja inatosha kuifanya pedi ichezecheze au ikwame. Pakiti halisi huwa na namba ya aina ya pedi na orodha ya breki inazooana nazo. Nenda dukani na pedi ya zamani mkononi. Pedi isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na namba yoyote, na inayouzwa ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, haina chochote cha kulinganisha. Pedi duni huweza kubanduka tabaka lake kutoka kwenye bamba, na hapo chuma hubaki kikisugua chuma.

Ukubwa, bolti na adapta

Fremu na foko vina kikomo cha ukubwa wa diski ambacho mtengenezaji ameruhusu. Kikomo hicho hakitokani na nafasi peke yake. Diski kubwa hupeleka nguvu kubwa zaidi kwenye miguu ya foko na kwenye sehemu za fremu kalipa inapofungwa, na foko iliyoundwa kwa diski ya 180 haikuahidiwa kustahimili ya 203 hata kama diski inaingia bila kugusa. Kikomo hupatikana kwenye kitabu cha maelezo cha mtengenezaji. Baiskeli isiyo na maelezo yoyote ibaki na ukubwa iliokuja nao.

Ukiongeza kipenyo, kalipa lazima isogezwe nje ili ifuate ukingo mpya. Kazi hiyo hufanywa na adapta, kipande kidogo cha chuma au alumini chenye bolti zake, ambacho hununuliwa kulingana na ukubwa wa diski na aina ya ufungaji wa kalipa. Mteja akiambiwa kwamba bolti ndefu na washa kadhaa zinatosha badala ya adapta, aondoke.

Diski nazo hufungwa kwenye habu kwa njia mbili. Ya kwanza hutumia bolti sita ndogo zinazofunguliwa kwa bisibisi ya nyota ya T25. Ya pili, inayojulikana kwa jina la Center Lock, hutumia meno na pete moja kubwa. Kuna kiunganishi kinachowezesha diski ya bolti sita kukaa kwenye habu ya Center Lock. Usitegemee kupata cha kinyume chake. Bolti za diski hukazwa kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji wa diski, na vipimo hivyo vinatofautiana: Shimano hutaja nyutoni-mita 2 hadi 4, SRAM hutaja 6.2. Mkono wa fundi mzoefu ni mzuri, lakini spana ya kupima mkazo ni bora, na si jambo la kuona haya kumwomba fundi aitumie.

Iwapo fundi atafungua mfumo wa mafuta, mwulize anaweka mafuta gani. Breki za Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, ingawa baadhi ya matoleo yake mapya yamehamia kwenye mafuta ya madini. Aina hizi mbili hazichanganyiki, na mafuta ya breki ya pikipiki, ambayo ni DOT, yakitiwa kwenye breki ya mafuta ya madini huharibu raba za ndani. Aina inayotakiwa imeandikwa kwenye mkono wa breki au kwenye kifuniko chake. Fundi anayejibu kwamba mafuta yote ya breki ni mamoja amekwisha kukupa jibu la swali jingine.

Kuzizoeza pedi na diski mpya

Breki mpya haina nguvu zake zote siku ya kwanza. Tabaka jembamba la pedi linapaswa kuhamia kwenye diski na kusambaa sawasawa, na jambo hilo hutokea kwa kuendesha kwa utaratibu. Tafuta barabara tupu iliyo tambarare. Ongeza mwendo hadi wa wastani, kisha punguza kwa breki moja mpaka mwendo wa mtu anayetembea, bila kusimama kabisa na bila kulifunga gurudumu. Rudia mara 20. Kisha ongeza mwendo zaidi na urudie mara 10. Fanya hivyo kwa kila breki peke yake, uache zipoe, ndipo uende mlimani. Ukisimama kabisa wakati pedi zina moto, huacha alama mahali pamoja, na breki huanza kutetemeka.

Usiguse diski baada ya mteremko, kwa maana inaunguza. Usikaze mkono wa breki ya mafuta gurudumu likiwa limetolewa, kwa maana pistoni husogea na pedi hukaribiana kiasi kwamba diski haiingii tena.

Risiti na madai

Nilipolirudia duka lile sikuwa na risiti, na mazungumzo yetu yakawa mafupi.

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anayemweleza muuzaji matumizi anayokusudia, na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo katika kuchagua, anastahili kupewa bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa na ufaafu wa bidhaa. Kibao kinachosema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hakifuti haki ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu au kisicholingana na maelezo aliyopewa. Lakini haki hizo zinahitaji ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni risiti ya mashine ya kielektroniki yenye jina la bidhaa. Mwombe muuzaji aandike nyuma yake maneno machache: aina ya breki, ukubwa wa diski, na kwamba pedi alizokuuzia zinafaa kwa diski hiyo. Muuzaji anayeijua kazi yake huandika bila kusita. Anayekataa kuandika alichotamka kwa mdomo amekuokolea fedha.

Hitilafu ikitokea, acha kuitumia baiskeli, piga picha ya diski pande zote mbili pamoja na kipimo cha unene wake, na umpelekee muuzaji malalamiko kwa maandishi kabla ya kuyaleta kwetu. Mwambie fundi asitupe vipuri vilivyotolewa. Vitie kwenye mfuko pamoja na pakiti yake ya awali kama bado unayo, andika tarehe, na usivisafishe.